Ndege Anayechana Maji

Paskalina Kalinga alianza kupenda ndege kwa sababu ya lori bovu.

Saluni yake iko Uyole, kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala yakisubiri kuendelea na safari ya Tunduma. Mwaka fulani wakati wa kiangazi, lori la mbolea liliharibika gia boksi likakaa mbele ya mlango wake mpaka wateja wakaanza kuelekezana kwa kulitumia: saluni ile ya nyuma ya lori. Kila asubuhi Paskalina akija kufungua alimkuta ndege mdogo, mweusi na mweupe, mkia hautulii, anapigana na kioo cha pembeni. Anakidonoa, anarudi nyuma, anajitazama, anavimba, anakirukia tena. Utingo wa lori alikifunika kioo kwa soksi. Ndege akahamia kioo cha upande wa pili.

Siku lori lilipotengemaa na kuondoka, yule ndege alibaki juu ya ukuta, anageuza shingo huku na huku.

"Nilijishangaa," Paskalina husimulia. "Mimi mtu mzima, mikono imejaa rasta za watu, nimesimama mlangoni namwonea huruma ndege aliyekosa wa kugombana naye."

Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu na maneno machache. Kwao ni Kalenga, Iringa. Alikuja Mbeya akiwa msichana, kumsaidia dada yake aliyekuwa amejifungua, akajifunza kusuka kwenye kigoda sokoni, na hakurudi tena nyumbani ila kwa misiba na Krismasi. Ana mtoto mmoja, Aroni, ambaye sasa anasomea umeme Dodoma. Baba yake Aroni alikwenda Zambia kikazi, na kazi ikamnogea huko huko.

Baada ya habari ya kioo, Paskalina alianza kutazama juu. Alikuwa amekaa Uyole miaka yote hiyo akidhani kuna kunguru, njiwa na kuku. Kumbe kwenye mitaro, kwenye nyaya na kwenye mahindi ya watu kulikuwa na kundi kubwa la viumbe wenye shughuli zao. Siku moja kwenye mitumba, katikati ya mikoba na mabegi ya shule, aliokota darubini. Muuzaji mwenyewe hakujua aiuze kama nini. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu kidogo, lakini la kulia lilikuwa zima, na Paskalina alipolielekeza kwenye paa la mashine ya kusaga akaona njiwa akipepesa jicho, alishtuka akaishusha.

Majirani walisema sana. Mama mmoja wa nyumba ya tatu aliacha kuanika nguo za ndani nje. Wengine walisema anamchungulia mume wa fulani. Paskalina aliwaacha waseme. Asubuhi kabla ya kufungua saluni alikwenda hadi mwisho wa mashamba, akasimama na darubini yake, akarudi na viatu vimelowa umande, akaanza kazi akiwa na furaha ambayo wateja hawakujua imetoka wapi.

Halafu Aroni akamtumia video. Ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva, na mdomo wenyewe una kasoro: wa chini mrefu kuliko wa juu. Kwenye video alikuwa anaruka chini chini juu ya maji yaliyotulia, mdomo wazi, ule wa chini umezama, anapasua maji kwa mstari mmoja ulionyooka. Paskalina aliitazama video hiyo akiwa amemshika mteja kichwa, chanuo liko hewani. Ule mstari aliujua. Ndio anaoupiga yeye kila siku kwenye vichwa vya watu, kutoka utosini mpaka kisogoni, kabla ya kuanza kusuka.

"Anachana maji," alisema.

"Nani?" mteja akauliza.

Tangu hapo akamwita mchana-maji. Aroni alimwambia ndege hao huonekana hata Ziwa Nyasa, wakati wa kiangazi, mito inapopungua na kuacha mchanga. Na Ziwa Nyasa lipo hapo chini tu, mkoa huo huo, ukishuka Tukuyu. Paskalina hakuwa amewahi kuliona. Jumamosi kuna maharusi, Jumapili kuna misa na vikundi, siku nyingine kuna vichwa.

Aliyemtoa saluni ni Nusrat.

Nusrat anashona na kuuza mapazia. Ni mzaliwa wa Mbeya, lakini babu yake alitoka Kilwa, na mpaka leo ukoo mzima hujiita watu wa pwani. Walijuana siku alipokuja kusukwa, akauona mlango uko wazi na madereva wamejaa nje, akasema, "Dada, hapa mimi mtandio siuvui." Kesho yake alirudi na kitambaa, nyundo na misumari, akakigawa kile chumba bila hata kuomba ruhusa. Tokea hapo wanawake wa Kiislamu wa Uyole wana kona yao kwa Paskalina. Na Nusrat ana kiti chake, anakaa, anaongea. Anaongea kama redio ya jirani: hata ukitoka nje unamsikia.

"Jumanne napeleka mapazia Matema," alisema siku moja akiwa katikati ya kusukwa. "Nyumba mpya ya wageni, ufukweni kabisa. Madirisha mengi kama shule. Njoo unisaidie kutundika, halafu ukatazame ndege wako."

"Jumanne nina bibi harusi."

"Harusi lini?"

"Jumamosi."

"Basi atasukwa Jumatano. Nywele zina miguu, zitakimbia?"

Paskalina alimaliza mstari mmoja, akaanza mwingine.

"Utanyamaza?" aliuliza.

"Wapi?"

"Huko. Nikiwa natazama ndege. Ndege hawataki kelele, Nusra."

"Shoga yangu," Nusrat alisema, na akaweka mkono kifuani kama anayeapa, "hutanisikia hata nikipumua."

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao milima ya kwetu hubadilika kabla mvua haijaja. Misitu inachipua majani mekundu utadhani maua, na mijakaranda ya mjini inamwaga zambarau juu ya bajaji na juu ya askari wa barabarani bila kubagua. Waliondoka Uyole alfajiri kwa kirikuu ya Nusrat, kile kigari kidogo cha mizigo, mapazia yamefungwa nyuma kwenye turubai. Nusrat aliendesha mwenyewe. Alikuwa amevaa dera la njano, la njano hasa, kama ganda la ndizi mbivu.

"Hilo gauni, Nusra."

"Limefanya nini?"

"Ndege watakuona toka Malawi."

"Si na mimi nimetoka kutalii? Waache na wao waone kitu."

Walishuka wakivua. Uyole walikuwa na masweta na mitandio mizito. Tukuyu, kwenye ukungu na migomba na chai iliyopangwa milimani kama imechanwa, sweta la kwanza likatoka. Walipofika bonde la Kyela walikuwa wanajipepea kwa kifuniko cha boksi, na pembeni mwa barabara kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, harufu yake kali inaingia dirishani.

"Simama!" Paskalina alipiga kelele.

Nusrat alikanyaga breki mpaka mapazia yakagonga kioo cha nyuma. "Nimegonga nani?"

"Hondohondo. Yule pale, juu ya mti mkavu. Tazama domo lake."

Nusrat alilaza kichwa kwenye usukani. Mara ya pili ilikuwa tai. Mara ya tatu ilikuwa yangeyange, ndege mweupe wa kawaida aliyekaa mgongoni mwa ng'ombe, na safari hiyo Nusrat hakusimama, alipunguza tu mwendo akasema, "Msalimie."

Ziwa lilijitokeza ghafla, barabara ilipoisha. Mkono wa kushoto milima ilikuwa imesimama wima, imeingiza miguu majini. Mbele kulikuwa na maji tu. Paskalina alishuka kwenye gari akasimama mchangani na ndala zake mkononi.

"Sema kitu basi," Nusrat alisema.

"Halina ng'ambo."

"Ng'ambo ipo. Huioni tu."

"Ndiyo nasema. Halina."

Walitundika mapazia mpaka karibu na adhuhuri. Paskalina alisimama juu ya kiti akiingiza vishikizo, na kila dirisha lilimpa kipande kingine cha ziwa: kwenye moja alimwona mdiria akining'inia hewani, mabawa yanapiga bila kusogea, kisha akaanguka majini kama jiwe akatoka na dagaa, kwenye jingine mawe yote yalikuwa yamekaliwa na minandi, wametanua mabawa kuyakausha. Nusrat alimwita mara mbili ashike upande wa pili wa pazia, hakusikia. Mwishowe akamwambia, "Shuka. Nenda. Unanitundikia mapazia upande upande."

Walikwenda wote. Walipita ufukweni taratibu, Paskalina mbele na darubini, Nusrat nyuma anakula karanga na kutimiza ahadi yake kwa namna yake, yaani anaongea kwa kunong'ona. Paskalina alisogeza darubini kwa mstari, polepole, kutoka kwenye mtumbwi mmoja hadi mwingine, hadi kwenye mwamba mkubwa uliochungulia majini. Chini ya mwamba kulikuwa na kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, anakimbia kimbia. Akatulia hapo. Akamfuata alivyozunguka mwamba.

"Wewe mama! Wewe mwenye mitambo!"

Upande wa pili wa mwamba wanaume kama sita walikuwa wanaoga. Mmoja alikuwa amekwisha kutoka majini, taulo kiunoni, povu kichwani na kwenye masikio, anakuja kwa hasira huku anateleza kwenye mchanga. Wengine walikuwa wamezama mpaka shingoni.

"Unatupiga picha!"

Paskalina alishusha darubini. "Hapana baba, natazama ndege."

"Ndege gani anaoga kwa sabuni?"

Nusrat alishindwa. Karanga zilimtoka puani. "Kaka yangu," alisema alipopata pumzi, "sisi tumetoka Uyole alfajiri na mapema. Kukutazama wewe? Tungekuja saa nane, tukashiba kwanza."

Hilo halikusaidia. Kina mama waliokuwa wanafua walisogea, wauza samaki wakasogea, na mtu akaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na pikipiki, mwanamume mnene aliyevaa jezi ya mpira na saa kubwa, akaizima pikipiki, akatulia kwanza ili watu watulie.

"Mugonile," alisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," watu waliitikia, na Paskalina aliitikia nao kwa sauti ndogo.

"Mimi ni Anord Mwasomola, mwenyekiti wa hapa. Nimepokea taarifa ya wageni wanaochunguza wananchi wakiwa katika hali ya kuoga." Alimgeukia Paskalina. "Mama, unachunguza nini?"

"Ndege, mwenyekiti."

"Ndege gani?"

"Wote."

"Kwa kibali cha nani?"

Watu walikuwa wengi, wote wanamtazama Paskalina. Hakuna aliyewahi kumuuliza kibali cha kutazama. Akaivua darubini shingoni akampa.

"Tazama mwenyewe," alisema.

Mwenyekiti aliishika kwa upande usio wake, ziwa likakimbia mbali, akaguna. Nusrat akamgeuzia. Mwenyekiti akajaribu tena. Alitazama maji. Alitazama mtumbwi, akataja jina la aliyelala ndani yake, watu wakacheka. Akainua taratibu kuelekea mlimani, kwenye mashamba yaliyoning'inia juu ya kijiji, na hapo akaganda.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Akatoa simu mfukoni bila kuondoa darubini jichoni.

"Mama Eveline! Mbuzi wamefunguka, wako kwenye muhogo wa watu! ... Nawaona! Yule mweusi amepanda juu ya tuta! ... Niko ufukweni ... Nimekwambia nawaona! ... Mama Eveline, huu si wakati wa kuuliza nimekunywa nini, wahi mbuzi!"

Ufukwe mzima ulikuwa unacheka. Hata yule mwenye povu alianza kucheka, akajifuta masikio kwa ncha ya taulo, akasema, "Na mimi nione." Mwenyekiti alikataa kumpa. Alishika darubini mpaka alipomwona mkewe amefika kwenye muhogo na fimbo, ndipo akahema, akairudisha shingoni mwa Paskalina kwa mikono miwili, kama anayemvisha nishani.

"Kesi imekwisha," alisema. "Endelea na kazi, mama."

Yule mwenye povu aliitwa Obeid, naye ni mvuvi. Alikwenda kuvaa, akarudi na shati lililopigwa pasi na suruali ya kitambaa, maana alitaka akumbukwe hivyo. Paskalina, sasa akiwa amepata nguvu, alimuuliza kuhusu ndege mwenye mdomo mwekundu, mdomo wa chini mrefu, anayeruka anapasua maji. Alionyesha kwa mkono, kiganja bapa, kidole kimoja kimeshushwa.

Obeid alimtaja kwa Kinyakyusa, jina ambalo Paskalina alilirudia mara tatu bila kulipatia.

"Wapo," alisema. "Mdomoni mwa mto, mbele huko. Tunawaona jioni tukienda kutega. Mchana wamelala tu. Twendeni kwa mtumbwi, ni karibu."

"Twende kwa miguu," Nusrat alisema haraka.

"Si ulisema ninyi watu wa pwani?" Paskalina alimchokoza.

"Babu ndiye wa pwani. Mimi wa Mbeya. Na hata babu alikuja huku kwa miguu."

Wakaenda kwa miguu. Njiani Obeid aliwakataza kukanyaga maji karibu na mto, kwa sababu ya mamba, na Nusrat ambaye tangu waondoke alikuwa akitembea ukingoni akilowesha miguu alihamia upande wa milimani. Walipokaribia, Paskalina alitoa kwenye mfuko kipande cha kitambaa cha nyuma ya pazia, cha rangi ya udongo, akamfunika Nusrat toka kichwani hadi magotini. Nusrat alikubali kwa manung'uniko. Wakajibanza nyuma ya matete.

Mto ulikuwa umepungua kama Aroni alivyosema. Mbele ya mdomo wake ulikuwa umeacha ulimi mrefu wa mchanga, mweupe, uliounganishwa na nchi kavu kwa shingo nyembamba. Paskalina aliutazama wote kwa darubini. Vijiti. Gogo. Mchanga mtupu. Akaanza tena.

Nusrat alitoa jicho moja nje ya kitambaa. "Nani kaacha ndala kule?"

"Wapi?"

"Kule mwisho. Ndala nyeusi nyingi, zote zimeelekea upande mmoja."

Paskalina alielekeza darubini huko, na moja ya zile ndala ikainua kichwa. Mdomo wake ulikuwa mwekundu, na mrefu kwa chini.

Paskalina alimshika Nusrat mkono, akamminya, akaendelea kumminya. Walikuwa kama ishirini, wamelaza matumbo mchangani, wengine hata shingo wameilaza kabisa kama watu waliochoka na harusi. Kisha kati yao mchanga wenyewe ukatembea. Alitazama tena. Alikuwa kifaranga, rangi ya mchanga mtupu, amepiga hatua mbili, akajilaza akapotea. Na mwingine pembeni yake.

"Wana watoto," alinong'ona.

"Niazime nione."

"Subiri."

"Paska, mimi ndiye niliyewaona!"

Walikuwa bado wananyang'anyana waliposikia kengele. Ng'ombe walikuwa wanatoka vichakani, kundi zuri, wana kiu, wanashuka kuelekea maji. Hawakwenda moja kwa moja mtoni. Walifuata njia yao ya kila siku, kwenye ile shingo ya mchanga, na wale wa mbele walikuwa wamekwisha kuingia. Ndege wakubwa wakaruka wote kwa pamoja, wakaanza kuzunguka juu wakilia kwa sauti kali. Vifaranga walibaki chini, wamelala, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, walale wasisogee.

Paskalina aliyekuwa amemnyamazisha mwenzake tangu alfajiri, aliyevaa nguo za kijivu makusudi, aliyejibanza nyuma ya matete bila kupiga chafya, alitoka mbio. Alikimbia peku kwenye mchanga, darubini inampiga kifuani, amevua mtandio anaupepea juu ya kichwa, na alipiga kelele. Hakupiga kwa Kiswahili. Alipiga kwa Kihehe, maneno ambayo baba yake aliwapigia ng'ombe Kalenga alipokuwa yeye mtoto, maneno ambayo hakujua kwamba bado anayo. Nyuma yake Nusrat alikuja na dera la njano, kitambaa cha pazia kimekamata begani kinapepea kama bendera, naye sauti yake haikuhitaji lugha yoyote.

Ng'ombe wa mbele alisimama. Alimtazama Nusrat. Akageuka.

Wote wakageuka, wakasukumana, wakarudi nchi kavu. Mchungaji alitokea vichakani, mwanamume mrefu aliyevaa koti pamoja na joto lote lile. Aliwatazama wale wanawake wawili wanaohema, na Obeid na shati lake la pasi anakuja nyuma.

"Mama," alimwambia Paskalina, "una ng'ombe wako humu?"

"Sina." Alikuwa ameinama, mikono magotini. "Nina vifaranga."

"Vya kuku?"

Ilibidi aelezwe, kisha aonyeshwe. Alishika darubini kwa muda mrefu akiwatafuta, na alipowaona alitoa sauti ndogo ya mshangao, kama mtu aliyeona pete aliyodondosha mwaka jana. "Nawanywesha hapa siku zote," alisema. "Sijawahi kuona kitu." Aliwapeleka ng'ombe juu zaidi, kwenye kina kidogo, halafu akarudi mwenyewe na panga. Yeye na Obeid wakakata matawi ya miiba wakayalaza kuziba ile shingo ya mchanga, wakibishana kwa Kinyakyusa wapi pana nafasi ya ng'ombe kupenya.

Jua liliposhuka nyuma ya Kyela, upepo ukakata, maji yakawa laini. Ndege walikuwa wamerudi mchangani zamani. Mmoja aliinuka, kisha wa pili, bila haraka. Wakashuka mpaka mabawa yakakaribia kugusa maji, wakafungua midomo, wakaanza. Mistari ilijitokeza nyuma yao, mirefu, iliyonyooka, inang'aa kidogo halafu inafunga.

"Anaingia kutoka kushoto!" Nusrat alikuwa amesahau kunong'ona, na sauti aliyotumia ilikuwa ya mtangazaji wa mpira. "Namba mbili yuko naye sambamba, anashusha mdomo, anauzamisha, ndugu msikilizaji hapa hakuna kona hakuna penati, ni kunyoosha tu, ooh! Amepata! Amepata samaki! Namba mbili amekosa, anarudi nyuma, hajakata tamaa!"

Ndege hawakujali hata kidogo. Mmoja alipita karibu nao sana hivi kwamba walisikia maji yakichanika, sauti ndogo, kama mkasi kwenye hariri.

Paskalina hakuwa anatumia darubini tena. Ilikuwa inaning'inia tu. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, na machozi yalikuwa yanamshuka, si mengi, na hakuweza kusema ya nini. Nusrat alimtupia jicho mara moja. Kisha akasogea mbele kidogo, akasimama kati yake na wale wanaume wawili, akapaza sauti ya utangazaji juu zaidi, akaongeza mikono, mpaka Obeid na mchungaji wakawa wanamtazama yeye na kucheka, na hakuna aliyekuwa na habari na Paskalina.

Usiku ule walilala palepale kwenye nyumba ya wageni, maana Nusrat alikataa kupanda milima ya Tukuyu gizani. Walikula samaki, walicheka habari ya mbuzi mpaka tumbo likauma, na kulala.

Asubuhi wakarudi wakivaa, sweta moja baada ya jingine. Walisimama Tukuyu kula ndizi za kuchoma. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha, na mama muuzaji alikuwa amefunika jiko lake kwa bati. Simu ikaita, Aroni.

"Mama, umemwona?"

"Nimemwona."

"Eh! Vipi?"

Paskalina alifungua mdomo. Aliutazama moshi wa jiko, akatazama ndizi mkononi.

"Anaruka chini," alisema. "Halafu ... wana watoto. Wa rangi ya mchanga. Halafu jioni ..." Akaishia hapo.

"Lete hapa," Nusrat alisema, akainyang'anya simu, akajifuta masizi ya ndizi kwenye dera. "Aroni mwanangu, hujambo? Kaa kitako. Mama yako jana amepigana na ng'ombe mia."

"Walikuwa kumi na kitu," Paskalina alisema.

"Mia, na dume lao lina pembe kama usukani wa baiskeli! Sasa sikiliza ..."

Akaendelea, sauti yake imejaa kibanda kizima, na mama muuzaji akaacha kugeuza ndizi ili asikie. Paskalina alisahihisha mara moja nyingine, halafu akaacha. Aliomba ndizi ya pili, akaimenya taratibu, akasikiliza jinsi mambo yalivyokuwa.